Kabla ya Kupiga Windows: Kishale Kisichotulia

Kishale cha kompyuta mpakato kikianza kurukaruka, ushauri wa kwanza utakaoupata, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, ni kupiga Windows upya. Ushauri huo unamfaa sana anayeutoa: ni kazi anayoijua, ina bei yake, na inachukua muda unaoeleweka. Mwenye kompyuta hapati mengi. Faili zinahamishwa, programu zinapotea, siku inakwisha, na jioni chaja ikichomekwa kishale kinaanza tena vituko vyake kana kwamba hakuna lililofanyika.

Kwangu mimi programu ni mshukiwa wa mwisho. Kishale hakiamui kwenda popote. Kinafuata taarifa za kifaa fulani kinachodai kwamba kidole kimesogea, kipanya kimesukumwa, skrini imeguswa. Swali la fundi mzuri ni moja: nani anakiletea taarifa hizo? Na wanaoweza kuzileta ndani ya mpakato mmoja ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Ipo tachipadi, kipo kipanya cha nje, kipo kipokezi cha kipanya kilichosahaulika ubavuni, ipo skrini ya kugusa, na kwenye baadhi ya mashine kipo kile kitufe chekundu katikati ya kibodi. Yeyote kati yao anaweza kusema uongo, na kishale kikamwamini.

Kwa hiyo anza kwa kutazama. Weka mikono mapajani uone kishale kinafanya nini kikiwa peke yake. Kikitulia tuli, kisha kikaruka mstari mwingine kila unapoandika kwa kasi, tafuta kosa kwenye viganja vyako. Kikitetemeka papo hapo huku kidole kimekaa juu ya tachipadi bila kusogea, fikiria umeme. Kikiteleza polepole upande mmoja hadi kikagota ukingoni mwa skrini, angalia kitufe chekundu au kipanya. Kikiganda, kisha kikaibuka mahali pengine, mara nyingi mashine imeelemewa: diski inafanya kazi hadi mwisho wa uwezo wake, kumbukumbu imejaa, na kishale kinasubiri zamu kama kila kitu kingine. Hapo kishale hakina kosa, na dawa yake si ya sura hii.

Kuna mwendo mmoja tu unaostahili hofu. Kishale kikienda moja kwa moja kwenye menyu, kikafungua kivinjari, kikasogea hadi kwenye ukurasa wa benki, hicho kina mtu anayekiendesha. Hitilafu za umeme hazijui kusoma menyu. Mtu aliyekupigia simu akijifanya wa huduma kwa wateja, akakushawishi uweke programu kama AnyDesk au TeamViewer, anaweza kuiongoza kompyuta yako akiwa popote. Programu hizo ni halali na mafundi huzitumia kila siku, lakini ukiona kishale kinafanya kazi ambayo hukukituma, kata intaneti kwanza. Zima Wi-Fi, chomoa modemu, zima simu inayogawa mtandao. Kisha badilisha nywila zako kwa kutumia kifaa kingine, na uwapigie benki.

Na kama kishale hakishikiki kabisa, kibodi bado ni yako. Ctrl na S kwa pamoja huhifadhi kazi. Alt na Tab hukutoa dirisha moja kukupeleka jingine, na Alt na F4 hufunga lililo mbele yako. Windows ina pia hila ya zamani ambayo wengi hawaijui: bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa mpigo mmoja, ukubali swali litakalotokea, na zile tarakimu za upande wa kulia wa kibodi, kama mashine yako inazo, zitaanza kusogeza kishale. Mwendo wake ni wa taratibu, ila unafika.

Tuje kwenye tachipadi yenyewe, maana ndiyo inayobeba lawama nyingi. Chini ya uso wake laini kuna mistari myembamba ya metali, mingine ya mlalo na mingine ya wima, iliyotenganishwa kwa tabaka lisilopitisha umeme. Chipu ndogo hupeleka mapigo ya umeme kwenye mistari hiyo mara nyingi kila sekunde na kupima chaji inayokaa pale inapopishana. Mwili wa binadamu una maji yenye chumvi, kwa hiyo unapitisha umeme. Kidole kikikaribia kinavuta sehemu ya uga wa umeme uliopo pale, kipimo kinabadilika, na chipu inalinganisha mabadiliko ya mistari jirani ili ijue kidole kiko wapi. Jaribu kuisukuma tachipadi kwa ncha ya kalamu ya plastiki: haisikii. Isukume kwa kipande cha ndizi ulichokishika mkononi, itasikia, kwa kuwa ndizi nayo ina maji na chumvi zake.

Tachipadi ya aina hii ilibuniwa na Mmarekani George Gerpheide mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1994 Apple waliiingiza sokoni katika kompyuta zao za PowerBook 500. Kampuni nyingine iliyokuja kuwa kubwa katika biashara hii, Synaptics, ilianzishwa mwaka 1986 na Federico Faggin na Carver Mead. Faggin ndiye aliyeongoza usanifu wa 4004, chipu ya Intel ya mwaka 1971 ambayo kila kompyuta ndogo ya leo ina deni kwake. Hawakuanza na vidole. Walikuwa wakitafuta namna ya kuiga mitandao ya neva za ubongo kwa silikoni, na ujuzi wa kutambua ruwaza ndio uliowafikisha kwenye kutambua kidole. Asili hiyo inaeleza tabia ya kifaa hadi leo: tachipadi inakisia. Kila wakati inaamua kama mabadiliko madogo mno ya chaji ni kidole, ni kiganja, ni tone la maji, au ni kelele tu ya umeme. Kelele ikizidi, makisio yanaharibika.

Hapo ndipo chaja inapoingia, na jaribio lake halihitaji fundi wala bisibisi. Vurugu zikianza, chomoa chaja na uendelee kwa betri kwa dakika chache. Kishale kikitulia, chomeka tena. Vurugu zikirudi, kesi imekwisha na Windows haina hatia.

Chaja hupokea umeme wa ukutani, volti 230 Tanzania na 240 Kenya, na kutoa volti 19 au 20 hivi zinazotakiwa na mashine nyingi. Hufanya hivyo kwa kuukatakata umeme maelfu ya mara kila sekunde, na ukataji huo huzaa kelele. Ili kuipunguza, watengenezaji huweka kapasita ndogo kati ya upande wa umeme mkali na upande wa kompyuta. Katika chaja iliyoundwa kwa waya tatu, kelele hiyo hutarajiwa kumwagwa ardhini kupitia pini ya juu, ile ndefu kuliko wenzake kwenye plagi zetu za pini tatu bapa.

Sasa tazama mambo yalivyo majumbani. Mpakato umekuja ukiwa mtumba kutoka Ulaya, na waya wake una plagi ya pini mbili za duara. Soketi yetu ina vizibo vinavyofunguliwa na pini ya juu, hivyo mtu anasukuma kalamu kwenye tundu la juu, vizibo vinafunguka, pini mbili zinaingia kwa nguvu, na kompyuta inachaji. Au plagi ni ya pini tatu lakini imechomekwa kwenye ekstensheni ambayo ukiifungua utakuta waya mbili tu ndani. Lile tundu la tatu ni pambo. Au ekstensheni ni nzima na soketi ni nzima, ila nyumba yenyewe haikuwahi kuunganishwa vizuri na nondo ya ardhini. Katika hali zote tatu kelele haina pa kwenda, na bodi nzima ya kompyuta inaelea kwenye volti zinazoweza kukaribia nusu ya zile za ukutani. Mkondo wenyewe ni mdogo sana, ndiyo maana haukurushi. Lakini kwenye mashine yenye mwili wa bati, pitisha mgongo wa kidole taratibu na utausikia ukiwasha ngozi.

Fikiria sasa chipu inayopima mabadiliko madogo ya chaji huku sakafu inayopimia nayo inapanda na kushuka. Wewe umekanyaga ardhi, kompyuta inaelea, na kidole chako kimekuwa daraja kati yake na ardhi. Kelele yote inapita pale pale inapopimwa. Kishale kinatetemeka, kurasa zinajipandisha, kitu kinajibofya, na chipu inaona vidole viwili mahali penye kimoja.

Unaweza kumtafuta mkosaji kwa kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Chukua chaja hiyohiyo uende nayo ofisini au kwa jirani mwenye nyaya za kuaminika. Kishale kikitulia kule, chaja ni salama na nyumba yako ina upungufu. Kikiendelea na vurugu, azima chaja nyingine ya volti zilezile na wati zisizopungua za kwako, yenye kichwa kinachofanana, ujaribu nayo. Tazama pia upande wa chaja unapoingia waya wa ukutani. Ukiona matundu matatu, chaja hiyo iliundwa itumie waya wa ardhini, na kuipa plagi ya pini mbili ni kuinyima kitu ilichokitegemea. Ukiona mawili tu, iliundwa kuishi bila huo waya, na inapaswa kuwa na vichujio vinavyotosha. Chaja bandia mara nyingi hukosa vichujio hivyo, kwa sababu ni vipande ambavyo mnunuzi havioni na kompyuta inachaji bila ya kuwapo kwavyo.

Stebilaiza haitibu ugonjwa huu. Kazi yake ni kukabiliana na volti zinazopanda na kushuka. Haitengenezi njia ya kwenda ardhini pale ambapo haipo. Na anayetumia sola ajue kwamba inveta za bei nafuu, zile zisizotoa wimbi laini, zina kelele zao wenyewe ambazo tachipadi huzisikia. Dawa ya kweli ni waya sahihi wa pini tatu, ekstensheni yenye waya tatu ndani, na fundi umeme mwenye leseni apime ardhi ya nyumba. Usijaribu kuvuta waya wako mwenyewe hadi kwenye bomba la maji. Nyumba isiyo na waya wa ardhini inakosa ulinzi kwenye friji na hita ya kuogea pia, na kishale kinachotetemeka ni habari ndogo kuliko hiyo.

Kishale kikiruka hata bila chaja, rudi kwenye mikono. Joto la Tanga au Mombasa mwezi wa Februari linafanya vidole vitoke jasho, na tachipadi inasoma filamu ya maji kama mguso mpana usio na umbo. Mafuta ya maandazi, losheni, tone lililodondoka kutoka kwenye glasi ya maji baridi, vyote vina athari zake. Zima mashine, futa tachipadi kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu, ikaushe, kausha na mikono. Ni dawa ya aibu kwa udogo wake, na wengi huiruka kwa sababu hiyo.

Yule ambaye maneno yake huhamia aya nyingine anapoandika ana tatizo la gumba. Mpakato wa kisasa una tachipadi pana, na sehemu ya chini ya gumba au kiganja huigusa bila mwenyewe kujua. Mguso huo mwepesi unahesabiwa kuwa ni kubofya, kishale cha maandishi kinahamia kilipo kile cha kuonyeshea, na herufi zinazofuata zinaangukia huko. Kwenye mipangilio ya tachipadi ya Windows kuna kiwango cha wepesi wa kuhisi, kishushe. Lakini ukinitaka nichague badiliko moja tu, zima kabisa kubofya kwa mguso, ubaki na kubofya kwa kubonyeza. Utaona ugumu kidogo mwanzoni, kisha utashangaa barua zako zimeanza kukaa mahali pake.

Kuna sababu nyingine inayofichwa na uso huohuo wa tachipadi, na hii haina mzaha. Mipakato mingi ya miaka ya karibuni ina betri bapa iliyolala chini ya mahali pa kuegemeza viganja. Betri ya lithiamu ikizeeka au ikiumia, kemikali za ndani huvunjika na kutoa gesi, na mfuko wake unavimba. Uvimbe unasukuma tachipadi kutoka chini. Dalili zake zinajulikana: kubofya kunakuwa kugumu au kunakosekana, ukingo mmoja wa tachipadi unainuka juu ya mwenzake, kifuniko hakifungi sawasawa, kompyuta inayumba juu ya meza iliyonyooka. Kishale kinaruka kwa kuwa kuna kitu kinachoibonyeza tachipadi saa zote.

Ukiziona dalili hizo, zima mashine, chomoa chaja, usiichaji tena. Usiibonyeze irudi ndani, wala usimruhusu mtu aitoboe ili kutoa upepo. Betri iliyotobolewa inaweza kuwaka moto mkali unaotoa moshi wa sumu. Weka mashine mbali na vitu vinavyoshika moto, ifikishwe kwa fundi anayejua kuitoa betri, na betri hiyo isitupwe kwenye jalala linalochomwa. Nimewasikia watu wakijivuna kwamba mashine yao imevimba mwaka mzima na bado inafanya kazi. Wana bahati.

Wenye ThinkPad, na soko letu la mitumba limejaa hizo, wana mshukiwa wa ziada. Kile kitufe chekundu kati ya herufi G, H na B kilitokana na kazi ya Ted Selker na wenzake huko IBM, na kilionekana kwenye ThinkPad 700C mwaka 1992. Hakisogei, kinapima nguvu unayokisukumia. Kila kinapoachwa huru hujipangia upya sifuri yake. Kikikandamizwa kidogo kwa muda mrefu kinaweza kuidhania hali hiyo kuwa ndiyo utulivu, na ukikiachia kishale kinaanza kuteleza upande wa pili. Toa mkono kwa sekunde chache, kitajirekebisha. Kofia iliyochakaa na uchafu uliojaa kandokando hufanya hali hiyo ijirudie, na mwenye mashine asiyewahi kukitumia kitufe hicho hata siku moja anailaumu tachipadi kwa kosa lisilo lake. Kofia mpya si ghali. Au kizime kwenye mipangilio, usahau.

Skrini ya kugusa iliyopasuka hujigusa yenyewe. Kishale kinarudi mara kwa mara sehemu ileile, karibu na ufa, na menyu zinajifungua pale pale. Ukizima skrini ya kugusa kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta na vurugu zikakoma, umempata mkosaji.

Kuhusu vipanya sitakaa sana. Kipanya cha mwanga hupiga picha za meza zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde na kuzilinganisha, kwa hiyo kioo na meza inayong'aa hukipotezea dira. Weka karatasi chini yake. Unywele mmoja kwenye tundu la lenzi unatosha kukichanganya. Kipanya kisichotumia waya chenye betri dhaifu kinakwamakwama. Kipokezi kilichochomekwa jirani na diski ya nje ya USB 3.0 kinaweza kusumbuliwa, kwani mwaka 2012 Intel wenyewe walichapisha maelezo kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele katika masafa yaleyale ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na vipanya hivi. Hamishia kipokezi upande wa pili wa mashine. Na kabla ya yote, angalia kwenye begi. Kipanya kilichoachwa kimewashwa humo, kimebanwa kati ya daftari na chupa ya maji, kinaendelea kutuma amri, na mwenyewe yuko mezani anahangaika na tachipadi isiyo na kosa.

Ukishawatenga wote hao ndipo zamu ya programu inafika. Draiva ya tachipadi huharibika, hasa Windows inapojisasisha na kuweka ya jumla mahali pa ile ya mtengenezaji. Ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyounda mashine, tafuta kwa jina kamili la modeli, uchukue draiva yake. Kabla hujakubali kupigiwa Windows, mwombe fundi awashe mashine kwa flashi yenye Linux bila kugusa diski. Kazi hiyo huchukua dakika chache na hukumu yake ni nzito. Kishale kikiruka hata ndani ya Linux, kupiga Windows kunaelekea kuwa ni kutupa pesa. Kikitulia huko na kuruka ndani ya Windows tu, basi mtu aliyetaka kuipiga tangu mwanzo ana hoja, ingawa draiva na iondolewe na kuwekwa upya kwanza.

Kinachobaki ni waya bapa unaounganisha tachipadi na bodi mama. Hushikwa na kizibo chembamba cha plastiki, na mashine ikianguka au ikifunguliwa na mtu mwenye haraka, waya unakaa mshazari au ncha zake zinashika kutu. Fundi anaweza kuuchomoa, kuusafisha na kuurudisha, betri ikiwa imetenganishwa kwanza. Kama tachipadi yenyewe imekufa, itafutwe kwa namba iliyoandikwa mgongoni mwake, kwa kuwa mashine mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kuwa na tachipadi tofauti zisizoingiliana. Ukikosa kipande, izime kwenye BIOS kama mashine yako inaruhusu, ili isiamke kila Windows inapojisasisha, nunua kipanya cha waya, na uendelee na barua yako.